Thirteen kwa Mkono Mmoja

Waya ulikuwa mweusi, mnene, umezungushiwa selotepu ya bluu mahali panya walipoutafuna, na ulipita sakafuni karibu kabisa na kiti changu. Ibada ya pili ilikuwa imefika sadaka. Bro Sammy, kiongozi wa bendi yetu, alikuwa kwenye kinanda, macho ameyafumba, anaupeleka wimbo polepole kuelekea mwisho, na kabla ya kuufikisha nyumbani akasimama juu ya ile chord, noti kadhaa kwa pamoja. Niliijua papo hapo. Fa, la, ti, mi. Thirteen. Kanisa zima likashusha pumzi, mama mmoja kule nyuma akaanza kulia, na Pasta akainua mikono yote miwili akasema utukufu, utukufu, ishikilie hapo hapo. Dakika chache kabla, wakati wa matangazo, Pasta huyo huyo na maikrofoni hiyo hiyo alikuwa ameliambia kanisa kwamba Mama Neema ana kipaji lakini chord zake ni za baa. Mama Neema ni mimi. Nikainuka na mtoto mgongoni, nikapiga magoti kama mtu anayeenda kuomba, nikachomoa waya.

Kinanda kilikufa bila kelele. Ngoma zikaendelea kidogo kama kuku aliyechinjwa, Kiprop wa gita la besi akapiga noti moja akaiachia, na Bro Sammy akabaki anabonyeza plastiki. Sister Rhoda, mwenyekiti wa kina mama, ambaye tulikuwa tumeketi naye bega kwa bega, akaninong'oneza nirudishe hiyo kitu kabla wazee hawajaamka. Sikurudisha. Niliuzungusha waya mkononi, nikamtazama Pasta, nikasema bila maikrofoni na nikasikika mpaka kwa wachoma mahindi nje, "Hiyo ndiyo ya baa, Pasta. Mbona Sammy akiipiga ni utukufu?" Wazee wawili wakanishika viwiko kwa adabu nyingi, vile mfiwa hushikwa, wakanitoa nje. Neema alikuwa amelala, hakuamka.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita niliitwa Kiamunyi, mtaa wa wenye nazo hapa Nakuru, kumuaga Bro Sammy. Anaenda ng'ambo kupiga kinanda hotelini, mahali ambapo kuna baa, kama kuna mtu anajali. Nyumba ilikuwa nzuri, zulia jeupe ambalo watoto walikatazwa kulikanyaga, pilau kwa sufuria kubwa, kachumbari, soda za kila rangi. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na jikoni, sahani mapajani, wakati mwanamume nisiyemjua alianza kuwasimulia wageni kwamba kuna wakati mama mmoja wa kwaya alipandwa na mapepo akazima kanisa. Watu walicheka hadi wengine wakaweka sahani chini. Sammy mwenyewe akanipungia kijiko kutoka upande ule mwingine akasema, sasa Mama Neema, siku hiyo ulitumaliza. Neema, ambaye sasa anaenda shule na anauliza kila kitu, akanigeukia akaniuliza mapepo ni nini. Nikamwambia ale. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani hasira ya mwaka ule ilinirudia, na nikaona ni heri niandike kwa mkono wangu kabla hadithi haijazoea kusimuliwa namna hiyo.

Mwaka ule nilikuwa na Neema mchanga, chumba kimoja Free Area, na kibarua cha kufulia watu nguo, hao hao wa Kiamunyi. Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, na jirani yangu alikuwa akisikiliza redio yake na mimi naisikiliza bila kutaka. Vumbi la Nakuru liliingia hata ukifunga. Ulikuwa unapanguza meza asubuhi na jioni unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Nilikula sukuma na ugali, siku njema omena, siku mbaya chai na ugali wa jana. Kina mama wa kanisa walikuwa wamechanga wakanunua kinanda kipya, na kile cha zamani kikabaki bila mtu. Pasta akatangaza kwamba anatafutwa mpiga kinanda wa pili. Mwenye kutaka aje ukumbini mchana katikati ya wiki, Bro Sammy atafundisha, halafu kutakuwa na majaribio mbele ya wazee. Atakayepita atapiga ibada ya kwanza kila Jumapili, apewe kitu kidogo kila mwezi, na aandamane na bendi kwenye harusi. Nilikitaka hicho kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kupasuka kwa sabuni, ndio, lakini haikuwa hiyo tu. Tangu nijifungue hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali lisilohusu mtoto. Ananyonya? Analala? Baba yake anapiga simu? Nilitaka mahali pamoja pa kukaa ambapo watu wangenyamaza kusikiliza kile mimi ninafanya.

Sasa, kanisani kwetu kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakuandikwa popote na kila mtu aliyafuata. La kwanza, wanawake huimba, wanaume hupiga vyombo. Mwanamke anaweza kupewa kayamba. La pili ni kwamba wapiga kinanda wetu wote hupiga mahali pamoja. Wanajifunza C, zile keys nyeupe, basi wamemaliza shule. Mwimbaji akitaka wimbo upande, kuna kitufe kinaitwa transpose. Ukikibonyeza, kinanda chote kinapanda hatua moja ndogo na vidole vyako vinabaki pale pale pa siku zote. Mtu wa gita hana kitufe kama hicho, kwa hivyo kabla ya wimbo mpiga kinanda humwambia: C, sifuri. Au, C, plus moja. Naye anahamisha mkono wake. Wenye piano za mbao majumbani watacheka. Wacheke tu. Ni harusi ngapi zimefungwa Nakuru kwa C plus moja, na ndoa zikasimama.

Tulijitokeza wawili, mimi na Denno, kijana wa bodaboda aliyenyoa nywele pembeni na kupenda kusema niaje kwa watu wazima. Bro Sammy alinipa chord tatu: ya do, ya fa, ya so. Nilizimeza siku hiyo hiyo, kwa sababu sekondari nilikuwa kwaya na do re mi naijua vile najua njia ya chooni. Nikamwomba ile nyingine, ile inayokuja kabla wimbo haujarudi nyumbani, ile ya kufanya watu wapumue. Akacheka. Akasema, Sister, hizo tatu zinakutosha, nyingine ni za watu wa kukesha. Lakini Denno alizipata. Nilijua kwa sababu nikiingia ukumbini Sammy alikuwa anageuza bega ili nisione mkono wake, kama mtu anayehesabu pesa kwenye stendi. Siku moja nilikuwa nawachemshia chai kwenye ofisi ndogo nyuma ya madhabahu, ukuta wenyewe ni mbao nyembamba, nikamsikia Sammy akimwambia Denno kwa sauti ya chini, "Ukimwonyesha mwanamke thirteen, kesho atataka mimbari." Denno akajibu, "Na mtoto atataka ngoma." Wakacheka. Niliwapelekea chai yao. Niliweka sukari, nikaikoroga vizuri, na nikiwa bado nakoroga nikaamua kwamba hiyo chord nitaipata hata kama ni kwa meno.

Niliianza kwa simu. Jirani yangu mwenye redio alikuwa akiniachia bundles zake za intaneti zikikaribia kuisha, naketi kitandani natazama watu wa mbali wakifundisha piano kwa Kiingereza cha mbio. Dominant, dominant, dominant. Nilidhani ni jina la mtu. Nilihangaika na neno hilo nikianika nguo, nikiosha chupa, mpaka nikafahamu kwamba dominant ni so tu, so yetu ya kwaya, ile inayokuvuta urudi do. Nikachukia. Nikajiuliza kwa nini hawakusema hivyo tangu mwanzo. Baada ya hapo mambo yalifunguka. Unasimama kwenye so halafu unapanda ngazi ukiruka moja moja: so, ti, re, fa. Hiyo ni seven, hata Denno anayo. Ukiendelea kuruka unapata la. Hiyo ni nine. Ruka tena, do. Hiyo ni eleven. Ruka tena, mi, thirteen. Umefika juu na hakuna noti imebaki, umezikusanya zote za nyumbani, saba. Nilishtuka kwa furaha. Kumbe siri yao kubwa ilikuwa ngazi ambayo hata mtoto wa chekechea anaweza kuhesabu.

Sister Rhoda, kwa sababu kinanda cha zamani kilikuwa chini ya kina mama, alinipa ufunguo wa ukumbi nifanye mazoezi Sammy na Denno wakishaondoka. Siku ya kwanza nilikusanya zile noti saba zote kwa mikono miwili nikazibonyeza pamoja. Ilikuwa kama rundo la sufuria limeanguka. Neema aliangua kilio. Nikarudia polepole, kwa nguvu, juu, chini. Uchafu ule ule. Nilikaa pale kwenye benchi nikiwa na hasira ya kulia. Nilikuwa nimepanda ngazi yote na juu hapakuwa na kitu. Siku nyingi zilipita hivyo. Wale watu wa kwenye simu walisema acha hii, acha ile, lakini kila mmoja aliacha yake, na bundles zilikatika kila mara walipofika penye maana. Nikaanza kusikiliza mwenyewe ni nani anagombana na nani. Nikapata do na ti. Hao wawili wakikaa pamoja kwenye chord hiyo ni kama wapangaji wawili na kamba moja ya nguo. Hakuna amani kwenye ploti. Ti huwezi kumtoa kwa sababu ndiye anayekuvuta nyumbani. Kwa hivyo toa do. Na nikitaka eleven, ambayo do ndiye mwenyewe, basi ti anaenda zake, nabaki na fa, la, do, so ikiwa chini. Ile ya kawaida kabisa ya fa, iliyowekwa juu ya so. Nilikuwa na hiyo chord tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeniambia.

Lakini thirteen ilibaki nzito, mpaka siku moja Neema alikuwa anaota meno na hakutaka kuwekwa chini. Nilimlaza kwenye mkono wa kushoto, nikampa titi, nikabaki na mkono wa kulia peke yake. Nilikuwa nimechoka na nimekasirika na sikuwa tayari kurudi nyumbani bila kufanya kitu. Sasa mkono mmoja hauwezi kubeba watu wote. Nikajiuliza nani wa lazima. Ti, wa lazima. Fa, wa lazima, maana hao wawili ndio wanaokuvuta. Mi, kwa sababu ndiye thirteen mwenyewe. La nikamweka katikati kwa sababu kidole kilikuwa hapo hapo. So ilikuwa mbali, chini, upande wa kichwa cha mtoto. Nikaiacha. Fa, la, ti, mi. Nikabonyeza.

Sijui niseme nini. Ilikuwa ndiyo. Ile ya kufanya watu wapumue, iko chini ya mkono wangu, kwenye ukumbi mtupu wenye viti vilivyopangwa juu ya vingine, mtoto ananyonya kwa sauti kama mtu anayekunywa uji. Nikaibonyeza tena na tena nikiogopa itatoroka. Kitu kimoja tu kilikosekana: ilielea. Ilikuwa kama nyumba bila msingi, kwa sababu so haikuwepo. Nilikuwa bado nafikiria hilo wakati Kiprop aliingia kuchukua gita lake. Kiprop ni mtu asiyependa maneno. Anaendesha trekta ya watu huko upande wa Kabazi, anakuja mjini kupiga besi, anarudi. Alisimama mlangoni akageuza uso kwanza, kwa heshima, kwa vile nilikuwa nanyonyesha. Nikajifunika vizuri kwa leso nikamwambia aingie. Aliunganisha gita, akaniangalia mkono, akapiga so moja, ndefu. Ikaingia chini ya mkono wangu kama jiko chini ya sufuria. Akaniuliza, "Mathe, hiyo umetoa wapi?" Nikamwambia nimeitoa kwa kukosa mkono. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema hivyo ndivyo inafaa, kwamba Sammy na mkono wake wa kushoto humkanyaga besi kila Jumapili, mwachie mwenye so aibebe. Tangu siku hiyo, akipata nafasi, alikuwa anapitia ukumbini tunafanya nyimbo kadhaa. Nilikuwa nampigia nine, eleven, thirteen, mara nyingine zote kwa wimbo mmoja, na yeye anabaki chini kama udongo.

Ninapoyakumbuka haya ndipo nakasirika zaidi. Watu hudhani nilikasirika kwa sababu nilishindwa. Hapana. Nilijua kile nilikuwa nacho.

Majaribio yalifanywa Jumamosi, wazee kwenye safu ya mbele na vikombe vyao vya chai, mandazi kwenye sinia, Pasta katikati. Sister Rhoda ndiye angeimba, Kiprop besi. Denno alitangulia. Rhoda akasema koo lake leo liko juu, kwa hivyo Sammy akabonyeza kitufe, akamwambia Kiprop, C, plus moja. Denno alipiga chord zake tatu na ile seven, akakosea mara mbili, wazee wakapiga makofi. Kisha nikaitwa. Wakati naketi na Neema mgongoni, Sammy aliinama mbele yangu, akafungua kitabu cha nyimbo akakiegemeza juu ya kile kioo kidogo cha kinanda kinachoonyesha namba, eti nione maneno. Halafu akamgeukia Kiprop akasema kwa sauti, "C, sifuri."

Kioo sikukiangalia; nilisikia sifuri nikaamini amekirudisha kinanda. Kila siku niliyofanya mazoezi nilikuwa nawasha kinanda mwenyewe, na kikiwashwa huwa sifuri. Nilianza na thirteen kabisa, kama mwaliko, vile nilivyokuwa nimepanga. Nikabonyeza fa, la, ti, mi, ikatoka nzuri, Kiprop akaingia na so yake na kila kitu kikaoza. Ndilo neno ninaloweza kusema. Nikaenda do, ikawa vibaya vile vile. Lakini hata hiyo do nilikuwa nimeivalisha la na re, sikuwa nimeacha chord hata moja uchi, kwa hivyo nikadhani ni hizo nguo. Rhoda alitafuta sauti akakosa pa kushika. Na mimi, kwa sababu hiyo chord hakuna mtu aliyenionyesha, kwa sababu nilikuwa nimeijenga peke yangu na mtoto mkononi, nikaamini mara moja kwamba nilikuwa nimeijenga vibaya tangu mwanzo. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Denno angesimama akauliza kinanda kina nini. Mimi niliuliza vidole vyangu vina nini. Nikatoa la. Nikatoa mi. Nikarudisha. Kila nilichogusa kilizidi kunuka, Neema akaanza kulia, na mzee mmoja akaweka kikombe chini akasema basi, mama, basi, mhudumie mtoto.

Niliinuka. Kitabu kikateleza, nikakidaka, na kwenye kioo nikaona namba. Plus moja. Mkono wangu ulikuwa umepanda hatua moja na Kiprop ameambiwa abaki chini. Tungepiga ule wimbo mpaka kiama tusingekutana. Nikamwita Sammy nikamwonyesha. Alikuja bila haraka, akabonyeza kitufe, akasema, "Iko sifuri, Sister. Ona." Na kweli sasa ilikuwa sifuri. Wazee walikuwa tayari wanasimama, wanapanguza makombo ya mandazi kwenye suruali.

Kiprop alikuja nyumbani jioni hiyo, hakutaka kuingia, akasimama mlangoni kofia mkononi. Nikamuuliza yeye na masikio yake yote alikuwa wapi. Akaangalia chini. Akasema, "Nilidhani ni zile extension zako, zile noti za juu, mathe. Nikasema labda leo ameongeza zingine." Nilitaka kumpiga na nilitaka kucheka. Hata yeye aliyezijua. Ukishajulikana kuwa unapiga noti za juu, mtu akikuwekea uchafu ndani, kila mmoja atasema ni zako. Nikamuuliza kama atawaambia wazee kuhusu kitufe. Akasema yeye ni wa besi tu, na Sammy ndiye humwita harusini. Nikamshukuru kwa kuja nikafunga mlango.

Siku iliyofuata, kabla ya ibada ya pili, Pasta aliniita kwenye ofisi ile ya mbao. Kulikuwa na chai, kulikuwa na mkate wa kupaka, alinimiminia mwenyewe. Akaniambia wameniombea. Akasema kila jambo na msimu wake, na msimu wa kunyonyesha ni msimu wa kunyonyesha. Denno atachukua kiti, mimi nirudi kwa waimbaji mpaka mtoto akomae. Nikamwambia habari ya kitufe. Alinisikiliza na tabasamu ya mtu anayesubiri basi. Akasema Bro Sammy ametumika miaka mingi, tusilete roho ya lawama. Nilikunywa ile chai yote nisije nikasema kitu. Kisha tukaingia ibadani, akasoma matangazo, akamtaja Denno, akanitaja mimi na akaongeza la baa, watu wakacheka kidogo kwa upole, na sadaka ilipofika Sammy akapiga thirteen. Yaliyofuata nimeshasema.

Nilisimamishwa kwaya. Sister Rhoda alikuja na sukari na leso mpya, akanieleza utaratibu ambao sisi sote tunaujua: nivipeleke kwa mke wa Pasta, nipige magoti kidogo, nilie kidogo, itaisha. Alikuwa ananipenda, sina neno naye. Alisema, "Mama Neema, kanisa si korti." Nikamwambia basi nitaenda mahali ambapo ni korti. Sukari nilibaki nayo. Nikaandika barua, nikaandika upya, nikampa jirani akanisomea kwa sauti kupitia ukuta mahali nilipokuwa nimetukana, nikatoa matusi. Nikaenda mjini kwenye ofisi inayosimamia makanisa yetu yote ya upande huu. Karani alikuwa kijana mwenye tai, akasoma mstari wa kwanza akaniuliza nani alinisaidia kuandika. Akasema barua kama hii hupitia kwa pasta wa mahali kwanza, aisaini. Nikamuuliza kama hapo mjini mwizi ndiye huandikisha ripoti ya wizi. Akanitazama, akamtazama Neema, akatoa mhuri. Nakala ninayo. Majibu sijapata, na nimewahi kurudi kuuliza. Hii ndiyo barua, kama ilivyopokelewa:

KUH: MALALAMISHI KUHUSU MAJARIBIO YA MPIGA KINANDA WA PILI

Mimi niliyetia sahihi ni mshirika wa kanisa letu la Free Area na ni mmoja wa wawili waliojaribiwa. Nalalamika kwamba sikujaribiwa. Kinanda kiliwekwa plus moja na mpiga besi akaambiwa ni sifuri, na aliyefanya yote mawili ni Bro Sammy, kiongozi wa bendi. Kama alisahau, aseme alisahau. Nilipomwonyesha alikibonyeza kikarudi sifuri mbele ya macho yangu, kwa hivyo alijua, na tangu hapo amenyamaza. Mpiga besi alikuwepo. Muulizeni bila Sammy kuwa chumbani.

Nalalamika pia kwamba sababu niliyopewa haikuwa upigaji wangu bali mtoto wangu. Denno ana pikipiki na hakuna aliyemuuliza ataiacha wapi. Tena Pasta alitangaza kwamba chord zangu ni za baa, na ibada hiyo hiyo chord hiyo ikapigwa na mwanamume ikaitwa utukufu. Ofisi iseme ni ipi kati ya hizo mbili, iandike, isomwe kanisani mahali niliposemwa. Kuhusu kuchomoa waya, nikiitwa nitakuja nijibu.

Siombi Denno aondolewe. Siombi kuombewa. Naomba nijaribiwe tena mbele ya wazee wale wale, kitabu kisiwekwe juu ya kioo, na anayepiga besi aambiwe ukweli kabla sijaweka mkono. Nikishindwa hapo nitarudi kwa waimbaji na hamtanisikia tena. Nitakuja na mtoto, kwa sababu sina wa kumwachia, na akilia nitampa titi na nitaendelea kupiga.